Mawe ya Matumbawe na Maji Niliyoshindwa Kuyamwaga

Mpendwa Bi Kanini,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa tarehe 15, kwa sababu siku hiyo mawe niliyoyaosha mimi yataingizwa tangini, na nikinyamaza samaki wawili watakufa, na nikisema sijui nitamtazamaje rafiki yangu wala mama yangu.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa mjini Machakos, na nyumbani ni Kalama. Si mtu wa kuongea sana, lakini katika chama cha sayansi nahesabiwa kwa sababu daftari langu ni safi. Mwaka huu tunakwenda kwenye kongamano la sayansi na tangi la samaki wa maji ya chumvi, ambalo tumeazimwa na Ami Tariq, fundi cherehani, ami yake Zamzam, na Zamzam ndiye ninayekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Ndani mna samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, amewafuga miaka sita, anawaita Bwana na Bibi, na kabla hajasafiri alikuwa akifunga kibanda chake kila jioni na kupitia maabara kuwaaga.

Tangi lilihitaji mawe zaidi ya matumbawe, maana katika vitundu vyake huishi vijidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu wa samaki, naye Ami alikuwa na gunia la mawe hayo, makavu, yaliyokaa juu ya paa lake miaka miwili yakiwa na uozo mkavu na kinyesi cha ndege. Kabla ya kwenda Mombasa kuleta chumvi alitueleza kwamba tuyasugue kwa brashi, tuyaloweke siku tatu katika maji yenye jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kisha tuyasuuze kwa maji mapya mara saba, kila mara mawe yakikaa ndani kwa muda na maji yaliyotangulia yakimwagwa, ndipo tuyaanike mpaka harufu iishe. Alisema, "Jiwe hili ni kama sifongo. Juu litakudanganya limetakata, ndani bado limeshika dawa." Mwalimu wetu, Madam Mwikali, akanipa mimi niende nayo nyumbani likizo ya katikati ya muhula, kwa sababu mfereji wa shule ulikuwa umekauka.

Bi Kanini, kwetu maji hutoka mtoni, na mto wenyewe wakati huu ni mchanga mtupu, mama huchimba mpaka anazama kiunoni, anangoja shimo litoe kata moja baada ya nyingine, na punda hubeba mitungi minne. Kwa hiyo maji hayamwagwi, hubadilishiwa kazi: yaliyoosha mboga huosha sufuria, yaliyoosha sufuria hupiga deki, na yaliyopiga deki huenda kwa mpapai. Yale ya jiki niliyamwaga, na ya kwanza ya kusuuza nikayamwaga pia, mama akiwa amesimama mlangoni akitazama ardhi ikiyanywa, akasema tu, "Mawe yako yana kiu kuliko mbuzi wangu." Alicheka, lakini kesho yake alfajiri alikwenda mtoni tena kwa ajili ya mawe, na aliporudi niliona viganja vyake vimepasuka. Sikuweza. Yale maji ya pili niliyachuja kwa leso, yakaonekana safi kabisa, nikayarudishia mawe, nikayachuja tena, hivyo hivyo mpaka mara ya saba, maji yale yale, na kila mara nilitia alama katika daftari, tarehe na sahihi na maneno "maji mapya", kisha mawe nikayaanika siku moja tu kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa.

Tuliporudi, Madam alisoma daftari langu mbele ya chama chote kama mfano. Zamzam akainama kwenye kreti niliyobebea mawe, akanusa moja, akasema, "Madam, haya bado yananuka jiki." Rodgers, mwenyekiti wetu, akamwambia, "Zamzam, kuwa na ami wa Mombasa hakukufanyi wewe samaki." Wakacheka wote, na Madam akamwambia aheshimu kazi ya mwenzake, kwani imeandikwa. Zamzam akanigeukia. Alikuwa anangoja niinuke nami ninuse. Nikafungua daftari nikajifanya natafuta ukurasa. Tangu siku hiyo bado tunakaa dawati moja, lakini ameweka begi lake katikati yetu.

Kila asubuhi nanusa mawe kabla wengine hawajafika, na bado yananuka. Nikisema ukweli itaonekana mama alininyima maji, na hakuninyima. Nimefikiria kuugua siku hiyo ya Ijumaa, au kuyaficha mawe niseme yameibwa. Hata pipa la yale maji ya kusuuzia bado liko nyuma ya jiko, nimelifunika kwa ungo, na mama ameniuliza mara mbili kama yanaweza kupewa kazi, nami namwambia bado nayahitaji. Nifanye nini?

Mwenye Daftari Safi,
Kalama

*

Mwanangu,

Kabla ya mengine yote, weka gazeti chini uende nyuma ya jiko. Umeandika kurasa tatu juu ya samaki wawili, kisha pipa la maji yenye dawa ukalitaja mwishoni kana kwamba ni kigoda, katika boma lenye mbuzi na mama asiyependa kuona maji yakikaa bure. Ungo si kifuniko. Tafuta bati, weka jiwe juu yake, si la matumbawe, kisha urudi tuendelee.

Sikulaumu kwa kushindwa kumwaga. Mimi ni mzaliwa wa Mwala, na mpaka leo nikiwa mjini mkono wangu hukataa kumwaga maji safi. Ulifanya kosa la mtoto aliyelelewa vizuri. Lakini mara ya kwanza na ya pili maji yalikuwa mapya kweli. Zile alama tano zilizobaki hukufundishwa na mama yako. Na hata hizo tano ni ndogo mbele ya siku ile Zamzam aliposema kweli akachekwa, na katika chumba kizima ni wewe tu uliyejua. Begi lile limewekwa na mkono wake, lakini wewe ndiwe uliyelileta.

Usiugue, wala usifiche mawe. Kesho asubuhi, kabla ya kengele, mpelekee mwalimu daftari. Usichane ukurasa. Zikate alama tano kwa mstari, uandike pembeni kilichotendeka. Kisha omba dakika moja mbele ya chama kile kile, kwa sababu Zamzam hakuchekwa ofisini. Sema, "Zamzam alinusa sawasawa. Mimi sikubadilisha maji." Wakikuuliza kwa nini, jibu kwamba uliona uchungu kuyamwaga. Nusu ya darasa hilo itakuelewa kuliko unavyodhani. Rodgers atacheka, mwache, hakuna dawa yake gazetini.

Mawe yasiingie tangini Ijumaa. Yasuuzwe upya, yaanikwe juani kwa siku nyingi, si moja, na anayeamua kwamba yamekuwa tayari awe Zamzam. Maji yasitoke kwa punda wa mama yako. Kila mwanachama aje na kidumu cha lita tano kutoka kwao. Mwalimu angeliona hilo mapema kabla ya kumtwika mtoto mmoja mzigo wa chama kizima, na ninajua naye anasoma safu hii. Kongamano likiwakuta na mawe machache, nendeni na hayo machache na samaki walio hai.

Na jioni ya leo mwite mama nyuma ya jiko. Mwambie maji haya yana dawa, hayafai mbuzi wala mboga wala sakafu, na kwamba uliyazungusha mara tano kwa sababu uliviona viganja vyake. Halafu wewe shika pipa upande mmoja, yeye ashike wa pili, mlimwage mbali na bustani. Atasimama atazame ardhi ikiyanywa. Safari hii simama naye.

Bi Kanini