Mkuu Hajui

Chunya, 4 Julai

Baba, shikamoo. Habari za Kalenga, na kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Sisi huku wazima wa mwili tu. Barua nampa konda wa basi, maana simu siku hizi zina masikio.

Crispin wangu amechukuliwa. Jumatatu walikuja wanaume na gari lisilo na namba, wakamtoa duarani, kwenye shimo lake la kuchimba, mbele ya wachimbaji wenzake. Kosa lake ni kusimama mkutanoni akauliza kwa nini wachimbaji wadogo tunafukuzwa ili eneo apewe tajiri. Nimezunguka vituo vyote vya polisi, wanasema hawamjui. Wewe ni balozi wa nyumba kumi, chama kinakusikiliza. Baba, sema na mtu. Mume wangu anapotea hivi hivi.

Mkweo, Pendo

Kalenga, 9 Julai

Marahaba, mwanangu. Kamwene, kwa salamu ya kwetu. Kifua kinabana, lakini nakohoa nikiwa nimesimama, si haba.

Habari zako zimenikata maini. Hata hivyo usimlaumu Mkuu wa nchi. Mama yake Crispin alinifia juu ya baiskeli tukitafuta hospitali. Leo zahanati iko nyuma ya shamba langu na dawa zipo. Hiyo ni kazi ya Mkuu. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwonea mchimbaji. Wanaotuonea ni hawa wa chini yake, na yeye hajui.

Sasa sikiliza. Mwisho wa mwezi anapita Ipogolo, na kwaya yetu imechaguliwa kumwimbia. Wimbo nimeutunga mwenyewe. Huwa anashuka, anacheza na wanakwaya, anawapa mkono. Nitamwambia kwa mdomo wangu. Akijua tu, Crispin atarudi.

Baba yako, Sosthenes

Chunya, 17 Julai

Shikamoo Baba. Natumaini kifua kimepoa. Mimi silali.

Zahanati siikatai. Hata mimi nilitibiwa malaria kwenye ya huku, nikashukuru. Lakini mtu akikujengea nyumba kisha akakuchukulia mtoto, utakaa humo na nani?

Jana wamekuja nyumbani kuniuliza namwandikia nani. Naogopa, Baba. Nilitaka kukuambia usimwimbie, nimemeza. Imba. Imba kuliko wote, akuone.

Mkweo, Pendo

Kalenga, 1 Agosti

Pendo mwanangu, hata salamu zimenikwama.

Tuliimba. Alishuka, akacheza nasi mpaka vumbi likamfika magotini. Watu walilia kwa furaha, na mimi nililia. Aliponipa mkono nikamwambia sikioni kwamba mwanangu Crispin, mchimbaji wa Chunya, amechukuliwa, na kwamba naamini yeye hajui.

Hakuuachia mkono wangu. Alitabasamu kwa ajili ya wapiga picha, akasema taratibu, "Najua, mzee. Endelea kuimba."

Nikaendelea. Miguu ilicheza yenyewe, na mdomo huu ulimsifu mpaka ubeti wa mwisho. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nawaambia watu wa nyumba zangu kumi kwamba hajui, miaka yote hii, na wengine walikuwa na watoto wao waliopotea. Toka huko haraka. Chumba cha Crispin kipo, nimekifagia.

Baba yako, Sosthenes

Kalenga, 20 Agosti

Pendo, uko wapi? Barua yangu imerudi. Konda anasema mlangoni kwako kuna kufuli ambalo majirani hawalijui, na wakiulizwa wanaingia ndani.

Jana chama kimeniletea taarifa. Mkuu ameipenda kwaya yetu, anaitaka Mbeya mwezi ujao, nami nisimame mbele. Wanakwaya wakaniuliza tufanye mazoezi lini. Nimewaambia wabaki nyumbani, nitakwenda peke yangu. Nitasimama pale pale anapotaka nisimame, na sitaimba. Nitayataja majina yenu mawili, kwa sauti, mpaka watakaponinyamazisha. Kifua kitaniruhusu, nimekizoea.

Hii nampa tena konda. Kama itakufikia mahali, usinijibu, mwanangu. Jifiche tu.

Baba yenu, Sosthenes