Chumba cha Mbele

Jumatatu, 2 Oktoba 2006
Nimefagia vumbi la plasta tangu asubuhi. Nikimaliza ngazi, sebuleni limeshatua tena. Mwanangu Wafula anabandua karatasi za ukutani chumba cha mbele. Amefika tabaka la tano, kila moja baya kuliko lililotangulia. Nyumba ilijengwa enzi za Malkia Victoria, na nadhani tangu azikwe hakuna aliyeipangusa.

Alhamisi, 5 Oktoba
Siku ya kumi na moja sijatoka nje. Mwezi jana nilikwenda kutafuta sukuma wiki nikapotea. Nyumba za mtaa huu wa Great Barr zote naona zinafanana. Nilizunguka saa tatu nzima. Tangu hapo Wafula haniachii ufunguo. Mkewe, Ruth, hulala mchana baada ya zamu ya hospitali, kwa hiyo natembea kwa ncha za vidole. Nimefundisha darasa la saba miaka thelathini na moja. Leo nafungiwa kama kuku.

Jumamosi, 7 Oktoba
Dirisha la chumbani kwangu halifunguki. Lilipakwa rangi likagandamana. Wafula alitaka kuweka la alumini, watu wa baraza la jiji wakakataa: nyumba ni ya kihistoria, dirisha liwe la mbao kama la zamani. Basi nalala na harufu ya rangi.

Jumatano, 11 Oktoba
Sasa nimejua. Chumba cha mbele ni changu. Mjukuu wangu, Faith, ametoboa siri tukila ugali. "It's for you, Nyanya. Forever." Milele! Ruth akamkata jicho. Wafula akacheka, akaeleza: magoti yangu yasihangaike na ngazi, bafu liwe karibu, nipate moto wangu wa kuota. Nikasema asante. Asante! Mdomo huu.

Jumapili, 15 Oktoba
Kanisani akina mama wamenipongeza. Ati nimezaa mtoto kweli. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Nilikuja kwa miezi sita. Inaisha Novemba. Tiketi ya kurudi iko ndani ya Biblia yangu na hakuna anayeitaja. Mahindi yangu Bungoma yamekauka, yanangoja kuvunwa. Kaburi la Mzee, mume wangu, bila shaka limeota nyasi. Nataka kurudi nyumbani. Haya, nimeliandika.

Alhamisi, 19 Oktoba
Nimetafuta sanduku langu. Wafula alilipandisha darini, na ngazi ya kupandia huko amesimama juu yake anapaka dari. Dari ya chumba changu! Nikaketi kitandani nikalia. Kisha nikajikasirikia kwa kulia.

Siwezi kumwambia. Anatoka kazini, hata chai hanywi, anashika msasa. Viganja vimepasuka.

Jumatatu, 23 Oktoba
Ameniita nione meko. Nyuma ya mbao kulikuwa na vigae vya maua ya buluu, vizima vyote. Chumba ni kizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumamosi, 28 Oktoba
Amepaka mabaka matatu ya rangi ukutani nichague. Niliyatazama muda mrefu. Nikasema, "Chagua itakayowapendeza wageni."

Alisimama na brashi mpaka rangi ikadondoka kwenye sakafu aliyoisugua wiki nzima. Hakuipangusa. Akauliza, bila kuniangalia, "Mahindi ulimwachia nani, Mama?"

Nikamwambia. Mahindi, kaburi, tiketi, mlango. Yote. Nilisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Wafula hakula chakula cha jioni.

Jumapili, 29 Oktoba
Mvua. Asubuhi nilikuta ufunguo wa mlango wa mbele kando ya kikombe changu. Nikatembea hadi kona na kurudi. Sikupotea.

Baada ya kanisa Wafula amepaka ukuta rangi ya krimu, ile ile ambayo ningeichagua. Nimemsaidia kupiga msasa mlango.

Nilipopanda chumbani, sanduku langu lilikuwa kando ya kitanda. Limepanguswa vumbi lote, hata kwenye magurudumu.