Posa Iliyopelekwa kwa Aloys

Observatory,
Johannesburg.
Jumatano, 20 Agosti 2025

Mpendwa dada Apondi,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi kavu ya huku, ile inayopasua midomo hata ukipaka mafuta. Hujambo? Shemeji Kip hajambo? Na Chepngetich bado anaukataa uji, au ameshajua kwamba kwa mama yake hakuna rufaa? Nasikia Milwaukee sasa ni joto na mnashinda kando ya ziwa. Huo mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia mafaili umepata nafuu?

Mimi mwili ni mzima. Nakula, naenda kazini, viatu vinang'aa. Mengine utayasoma huko chini, na nakuomba uyasome umekaa.

Nimetumia karatasi kwa sababu kwenye simu ningefuta kila sentensi kabla hujaiona. Karatasi angalau nikikata neno, alama ya kukata inabaki na utajua nilitaka kusema kitu.

Kwanza nikushukuru kwa zile sauti za wazee wako ulizorekodi na kunitumia. Tangu ulipoanza kukusanya historia ya baa za mashoga na kumbi zao za dansi katika miji ya huko kwenu, nazisikiliza garini kila asubuhi. Sikujua kama watu walikuwa wakitoka vijiji vya mashambani, mwendo wa saa nyingi kwenye theluji, ili wacheze muziki Jumamosi moja kisha warudi kukamua ng'ombe. Sikujua habari za milango iliyofungukia uchochoroni, na madirisha yaliyopakwa rangi nyeusi ili mpita njia asione ndani. Wala sikujua kwamba Ukimwi ulipokuja, baa hizo hizo ndizo zilizopikia wagonjwa chakula na kuwalilia waliokataliwa na ndugu zao. Yule mzee mweusi aliyesema kwamba mlangoni yeye aliombwa vitambulisho vitatu huku mzungu akiingia kwa tabasamu, nilimsikiliza mara mbili. Halafu unaniambia nyingi kati ya baa hizo leo ni maegesho ya magari. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia, maana sikuwahi hata kukanyaga huko.

Lakini aliyenikaa moyoni ni yule bibi wa taa. Anasema mwenye baa alikuwa na taa juu ya kaunta, na polisi wakikaribia aliiwasha na kuizima. Papo hapo wanaume waliacha wanaume wenzao, wanawake wakaacha wanawake, kila mmoja akamshika wa jinsia nyingine aliye karibu, na dansi ikaendelea kama kwenye harusi ya kanisa. Yeye alimshika bwana yule yule kwa miaka na miaka na hakuwahi kujua jina lake. Nilimwonea wivu, Apondi. Polisi wao waliondoka, na kila mtu akarudi kwa wake.

Huku hakuna polisi wa kunikamata. Nchi hii ingetufungisha ndoa mimi na Aloys kesho asubuhi na karani asingeinua hata nyusi. Baa za watu kama mimi zina vioo kutoka juu hadi chini, na bendera nje. Ni mimi ninayetafuta kiti nyuma ya nguzo, nisije nikaonekana na Mkenya anayepita kwenda kununua mkate.

Aloys unamjua kwa maneno yangu tu, kwa hiyo nikukumbushe. Ni Mrundi, fundi wa friji, mpole ila mkaidi, na tunaishi pamoja nyumba hii mwaka wa nne. Watu wa ushirika wetu wa maombi wa Wakenya wanamjua kama mpangaji mwenzangu. Mdogo wake wa kike, Tania, anasuka nywele pale mtaa wa Yeoville. Wazazi wao walifariki, wako wawili tu.

Unajua ushirika wetu huzunguka nyumba kwa nyumba. Mwezi wa nne zamu ikanifikia, na Tania akaja kusaidia kupika. Kosa letu lilikuwa dogo sana. Tania alijua upawa ulipo, alijua chumvi iko kwenye kopo gani, alifungua kabati bila kuuliza. Akina mama waliona, wakatazamana. Walijua mwanamke hazijui sufuria za mwanamume bure. Hakuna aliyefikiria kwamba alizijua kwa sababu ni za kaka yake.

Mzee Njoroge, mwenyekiti wetu, akanivuta kando na kuniuliza ni lini wazee waende kuwaona watu wa yule binti. Unajua kwetu kijana akiulizwa jambo hilo akainamisha kichwa, amekubali. Mimi niliinamisha kichwa kwa hofu tupu. Kabla sijakiinua, alikuwa ameshanipigapiga begani na kumpigia mama simu Kakamega.

Nilipowaambia Aloys na Tania, Tania alicheka hadi akakaa chini. Akasema tuwaache tu, watachoka. Hawakuchoka. Walimshonea kitenge. Walianza kumpigia simu kila jioni kumuuliza kama amekula, na binti ambaye hajaitwa mwanangu tangu utotoni akaanza kuitika. Huyo nimfanyeje? Kila nilipotaka kusema, niliona nitampokonya mama watano kwa mpigo.

Na shida kubwa ni hii: Tania hana baba. Mtu wa kupelekewa posa yake ni kaka yake. Wazee wangu wa posa walitakiwa kwenda kupiga hodi kwa Aloys. Tena walifurahi mno, wakasema sasa wameelewa kwa nini tunaishi nyumba moja, kumbe nilikuwa namsoma shemeji. Tangu siku hiyo kila mtu anamwita Shemeji.

Wakaenda Jumamosi ya mwanzo wa mwezi huu, mchana, chumbani kwa Tania. Soda, mikate, suti, maombi. Sasa, kwa Warundi mwenye binti haruhusiwi kukubali haraka. Anatakiwa kukataa kwanza kwa mzaha, aseme binti amesafiri, aseme hawajui wageni hawa, na wageni wabembeleze. Mzee Njoroge alikuwa ameulizia habari hizo mapema na kutuonya tusikasirike.

Aloys alikuwa amevaa lile koti langu la kijivu. Aliwasikiliza hadi mwisho, akasimama, akasema taratibu, "Wazee, muntu munayemuombea muke ana muntu wake. Tunaishi naye, tunalala naye, tunapendana. Ni miye."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Walipiga makofi. Mzee Njoroge alijifuta machozi kwa leso, akasema hawa Warundi wanajua kusumbua watu, hebu ongezeni soda tumbembeleze shemeji. Aloys alirudia tena, kwa sauti ya chini zaidi, nao wakacheka zaidi. Akanigeukia mimi. Na mimi, dada yangu, nilikuwa nacheka. Meno yote nje. Nilicheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka, na kwa sababu niliogopa wangeacha.

Aloys alikaa. Tania akaitwa, akatoka na kitenge chake, posa ikapokelewa.

Nyumbani tulipofika alivua koti akalitundika, akaniambia neno moja tu, "Miye nilisema. Weye ukacheka." Tangu siku hiyo ananipikia, ananiamsha, anajibu salamu. Usiku nalala nikisikiliza friji ikinguruma, na friji hiyo aliitengeneza yeye.

Nilifikiri nikuombe wewe uwaambie ukweli watu wa nyumbani Kakamega, kwa kuwa unaaminika na hujui utani. Nikaona hilo nalo ni kujificha nyuma ya mwanamke mwingine. Tania mwenyewe ameniambia, "Eish, Bram, kitenge nitakivua, nitalia kidogo, basi. Weye je?"

Pamebaki mahali pamoja ambapo hakuna anayecheka. Ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, na mchungaji huuliza kama yupo mwenye pingamizi. Jumapili iliyopita mimi na Tania tulisomwa majina mara ya kwanza. Aloys alikuwa nyuma, karibu na mlango. Mchungaji aliuliza, akangoja, nami nikatazama kitabu cha nyimbo mpaka akafungua ukurasa mwingine.

Jumapili hii tutasomwa tena. Mzee Njoroge amempangia Aloys kiti cha mbele, kando yangu, kwa heshima ya ushemeji. Itakuwa mara ya kwanza mimi naye kukaa bega kwa bega mbele ya watu wetu. Aloys amekubali kuja. Amesema mchungaji akiuliza na mimi nikanyamaza tena, atasimama yeye, atoke, na hatarudi nyumba hii. Najua hatanii. Leo jioni nikiosha vyombo nilijaribu kusema kwa sauti kwamba mwenye pingamizi ni mimi, na hata jikoni peke yangu niliikatiza sentensi nikafungulia maji.

Nisalimie shemeji Kip, mwambie picha za bustani yake nilizipata. Mbusu Chepngetich kwa niaba ya mjomba wake. Wazee wako wa zile sauti, hasa yule bibi wa taa, wape heshima zangu. Mungu awafunike nyote, na akupe nguvu ya kuimaliza kazi hiyo.

Barua hii ikikufikia, Jumapili itakuwa imeshapita na mama atakuwa amekupigia. Kama alikuwa analia, ujue nilisimama. Kama alikuwa anapiga vigelegele, nililie mimi.

Nduguyo akupendaye daima,
Bramwel