Konzi Yangu ya Sadaka

Dingi rafiki yangu, uko? Usicheke kwanza.

Leo kwenye mkutano wa akina mama nimefundisha mimi. Somo: tusing'ang'anie vya dunia, Mungu apewe kilicho bora. Nimefundisha mpaka Bibi Thangi akatoa machozi. Nikajiona mtume kabisa.

Baadaye tukakaa kuchambua mchele wa sadaka, zile konzi tunazomtengea Mungu kila tukipika. Mama mchungaji akamimina mkebe mmoja kwenye ungo, fukusi wakaanza kutembea. Dingi, wanatembea.

Unajua ni wa nani. Mchele mpya wa Champhai, ule mzuri, tunakula sisi, ule mkuukuu ndio wa Mungu.

Nikasubiri waulize ni nani huyu asiye na haya. Hakuna aliyeuliza. Bibi Thangi akasema taratibu, "Jamani, nyumba hii ina njaa, na bado wametoa. Tuwachangie."

Wote wakachanga. Na mimi nikachanga. Dingi, nimejichangia mwenyewe.

Halafu mama mchungaji akageuza mkebe, akasoma jina chini. Akanishika mkono. "Ngaihi mwanangu, mbona hukutuambia mna shida?"

Mwalimu wa vilivyo bora ningesema nini? Nikasema asante.

Sasa beseni la mchele safi liko jikoni kwangu. Mume wangu kalitazama weee, kaniuliza, "Kwani sisi tumekuwa maskini lini?"

Nimemjibu ni siku nyingi, ila mimi nimejua leo.