Mkwe Wangu Upande wa Pili wa Boila

Jumatatu, 3 Machi

Masizi ya leo yananata. Makapi ya miwa yalinyeshewa, na makapi mabichi yakitiwa motoni hayaungui vizuri, yanatoa moshi mzito tu. Brashi imekwama kwenye karibu kila bomba la boila. Nimekunywa maziwa, nimekula obusuma, ugali wetu, na mboga, weusi bado uko kooni.

Fundi Omari amesema tumefanya vizuri. Husema hivyo hata tukifanya vibaya. Boila yenyewe kuukuu. Ilikuwa ya garimoshi enzi hizo, baba wa tajiri wetu mwenye kiwanda akaitoa kwenye vyuma vya kutupwa, akaivuta na trekta mpaka hapa Ekero ichemshe maji ya miwa. Wengine wana mitambo mipya. Sisi tuna garimoshi lisilo na reli wala magurudumu. Lakini mabomba yakiwa safi mvuke unakuja, na sukari nguru inaganda.

Makokha alikuwa mbele, kwenye mlango wa moshi, akisukuma brashi. Mimi nyuma, ndani ya chumba cha moto, nikiipokea na kuzoa masizi. Sikumwona. Yeye hakuniona. Ndivyo inavyotakiwa.

Jumanne, 4 Machi

Mama wa kantini ana mdomo. Ameniuliza tena, mbele ya watu, eti nafanyaje kazi na mkwe wangu. Nimemwambia apike chapati.

Tangu Makokha amwoe Nabwire wangu Desemba, mimi naye hatupeani mkono. Hatuketi pamoja. Nikimwona njiani naingia kwenye miwa mpaka apite, naye akiniona kwanza anageuza baiskeli. Mama mkwe na mkwe wake hawaonani ovyo, sembuse kugusana. Mila hii sikuianzisha mimi na sitaivunja mimi.

Ila kazi nayo sikutaka kuiacha. Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alipokufa walinipa mimi, kwa sababu mlango wa chumba cha moto ni mdogo na wanaume wa pale wana matumbo. Nilikuwa nimefanya kazi na Makokha siku nyingi kabla hajamtupia jicho binti yangu. Basi tukapanga, Fundi akiwa mjumbe. Yeye anaingia kwa lango la mizani, mimi lango la kantini. Boila inalala kati yetu. Tunasemezana kwa spana. Gonga moja, brashi imefika. Mbili, vuta. Asubuhi kabla ya kuanza yeye hugonga tatu. Hizo si za kazi, ni za kunisalimia. Nami hujibu tatu. Hakuna mzee aliyekataza chuma kusalimiana.

Jumapili, 9 Machi

Nabwire alikuja baada ya kanisa. Amenenepa. Ananukia sabuni nyingine, si yangu.

Amecheka mpaka akashika mbavu, akinieleza vile Makokha hurudi nyumbani akimwambia, “Leo mama yako ameamka vibaya.” Anajuaje? Kwa kugonga kwangu. Nikiwa na hasira eti nagonga kwa kitako cha spana. Mjinga yule. Nami nimecheka.

Sijawahi kumwona huyu mtoto hivi. Babake alipokufa alinyamaza mwaka mzima, nikadhani ndiyo basi. Sasa anaimba akiosha vyombo vyangu. Sitaki kitu kingine. Mungu anisikie, sitaki kingine.

Jumamosi, 15 Machi

Tajiri amekataa kuzima moto. Miwa imejaa uani, inachacha. Amesema moto uzimwe kesho jioni na Jumatatu tusafishe kama kawaida. Fundi Omari amebishana naye mpaka sauti ikakauka. Boila haipoi usiku mmoja. Matofali ya chumba cha moto hukaa na joto kama jiko la kuchoma mkate.

Nitaingia. Nimewahi kuingia ikiwa na joto. Unavua ovaroli, unabaki na shimizi, unafanya haraka. Fundi hukaa mlangoni na taa akinipa mgongo. Makokha yuko mbele, kule mbali.

Jumanne, 18 Machi

Jana sikuandika. Leo naandika.

Niliingia. Joto lilinipiga usoni kama kofi. Nikavua, nikabaki na shimizi. Mabomba ya juu yakaenda. Ya katikati yakaenda. Fundi akaitwa na tajiri kuangalia pampu, akaacha taa mlangoni, akasema anarudi sasa hivi. Nikaona taa imekuwa mbili. Sijui mengine.

Mengine nimeambiwa na Fundi, naye aliambiwa na mwenyewe. Makokha alisukuma brashi, hakusikia nikigonga. Akagonga. Kimya. Akagonga tena. Akazunguka boila mbio. Akafika kwenye mlango wa chumba cha moto, akaniona nimelala kwenye masizi. Akasimama. Akafunika macho kwa mkono. Akaita watu, “Njooni mtoe mama! Njooni mumtoe!” Watu walikuwa uani wakishusha miwa, trekta inanguruma, nani angesikia. Akaita mpaka akachoka.

Kisha akaingia.

Mlango ni mdogo. Kunitoa, alinivuta. Shimizi ilinaswa na chuma ikapanda mpaka shingoni. Alinilaza juu ya makapi, na hapo ndipo wakata miwa walipofika. Walichoona ni mimi nikiwa uchi, na mkwe wangu amepiga magoti ameshika kichwa changu, analia.

Nilipofungua macho uso wa kwanza ulikuwa wake. Nikafumba tena. Si kwa ugonjwa. Kwa aibu.

Alhamisi, 20 Machi

Mwili umepona. Daktari amesema ni joto na hewa mbaya, ningechelewa kidogo ningekufa.

Ekero yote imesikia. Mpaka Mumias. Wengine wanacheka. Mchungaji amekuja akaomba, akasema mila zimepitwa na wakati, Makokha ametenda jambo la Kikristo. Nikamwitikia amina. Alipoondoka nikajifunika blanketi mchana mzima. Naye, angekuwa ni mama mkwe wake aliyeonekana hivyo, angesema nini?

Heri angeniacha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyohisi, na hakuna atakayesoma. Heri angeniacha mle ndani.

Nabwire hajaja.

Jumapili, 23 Machi

Amekuja. Alisimama mlangoni, hakuingia mara moja. Hana hasira na mimi. Ningependa awe nayo.

Makokha halali kitandani. Analala kwenye kiti cha sebuleni na viatu. Hali chakula. Mama yake analia huko jikoni kwamba nyumba ya mwanawe imeingiwa na mkosi. Wazee wao wanataka tukutane Jumamosi, wachinje kondoo jike, watutakase, mambo yaishe.

Nimesema kondoo natoa mimi. Ninaye. Nabwire aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu aje. Alisema, “Basi itaisha, mama.” Nikasema itaisha.

Jumamosi, 29 Machi

Imefanyika. Yeye upande mmoja wa nyumba ya baba yake mkubwa, mimi upande wa pili, wazee katikati. Kondoo akachinjwa. Mzee mmoja akachukua yaliyomo tumboni, akanipaka kifuani na miguuni, akazunguka akampaka na yeye. Akasema maneno yao. Akasema kilichoonekana hakikuonekana, kilichoguswa hakikuguswa.

Tulikula. Mama Makokha alikuja mwenyewe akanipa mkono, akaniita dada. Yule mama namheshimu sasa.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimekula tena. Nimeshiba. Imekwisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Haijakwisha.

Nabwire amepiga simu asubuhi nikiwa naelekea kazini. Makokha hajarudi kitandani. Si wazee tena. Wazee wameridhika, mama yake ameridhika. Ni yeye. Alimwambia hivi, naandika kama alivyonipa: “Nikikuangalia namwona mama yako.”

Tunafanana. Kila mtu husema. Alipokuwa mdogo watu walinisimamisha sokoni kusema huyu umemtema mdomoni. Nilijivuna, tena sana. Mabega yale, shingo ile, hata mgongo wake ukimwona anainama ni mimi.

Nimejiangalia kwenye kioo. Ni uso wa binti yangu uliochoka tu.

Jumatano, 9 Aprili

Sijawahi kumshukuru. Ameniokoa roho, na sina njia ya kumwambia asante. Nikienda kwake naharibu zaidi. Nimemtuma Fundi Omari.

Amerudi jioni, ameketi kwenye kigoda changu muda mrefu akipangusa kofia yake. Amesema Makokha alilia. Alisema hata leo angeingia tena. Angeingia mara mia. Lakini akimshika mke wake gizani mkono unakumbuka, na anatoka nje kutapika.

“Si mtu mbaya, mama,” Fundi akasema. Najua si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningekuwa na mtu wa kutukana.

Jumatatu, 14 Aprili

Safari hii moto ulizimwa Jumamosi. Tajiri hakubisha. Nimeingia. Fundi hakuondoka mlangoni hata kwenda haja.

Aliyewekwa mbele ni mwingine, jamaa wa Ekero hapa hapa. Anasukuma brashi kama anayetwanga. Anaongea peke yake. Si kosa lake. Nilisafisha mabomba yote na machozi yalitoka na masizi, nikitoka watu wakadhani ni moshi.

Makokha hayuko. Ameenda Lugari kwa mjomba wake, wanapanda mahindi. Hakumfukuza Nabwire. Alimwachia nyumba, kitanda, kila kitu. Alimwambia akitulia atarudi. Hakumwangalia akisema.

Alhamisi, 17 Aprili

Nabwire amerudi kwangu. Bodaboda ilimleta na mabegi na ile sufuria kubwa ya harusi. Mama Makokha alimsihi abaki, akamshika mpaka nguo. Amekataa. Amesema hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameikimbia kwa sababu ya sura yake.

Nimechinja ingokho, kuku wangu wa pekee wa wageni. Hakula. Ameketi na uso ukutani.

Nilivyokuwa nikimtamani arudi nyumbani wakati mwingine, baada ya harusi, nyumba ilipokuwa kimya. Sasa yuko na sina furaha hata ya kujaza kijiko. Nimejifunga kitambaa cha kichwa kwa namna nyingine, mbele kabisa mpaka kwenye nyusi, nisifanane naye sana. Hakuuliza kwa nini. Ameona, nadhani.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Hatukusema kitu siku nzima isipokuwa leta ndoo, funga mlango.

Namchukia tajiri. Namchukia mama wa kantini, ambaye leo kaniletea nyanya bure na macho yamemlegea. Naichukia boila. Makokha siwezi kumchukia, nimejaribu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hatukwenda kanisani. Tulisikia ngoma zao zikipita barabarani, halafu zikaisha.

Nilibandika maharagwe. Nabwire akaketi kwenye mkeka akichambua mchele, mimi kwenye kigoda. Bila kuinua macho akaniuliza, “Alikushikaje?”

Nikasema ukweli. Kwapani, kwa mikono miwili. Nikamwambia na ambalo sijamwambia mtu, hata Fundi, wala kuliandika humu. Kwamba sikuwa nimezimia kabisa wakati wa kutoka. Pale kwenye ule mlango mdogo, wenye chuma kikali juu, aliachia mkono mmoja akauweka kichwani mwangu nisigongwe. Akauacha hapo mpaka tukatoka wote.

Nabwire aliacha mchele.

“Hufanyanga hivyo,” akasema. “Jikoni kwetu mlango ni mfupi.”

Kisha akauliza, “Wapi?”

Nikafungua kitambaa, nikamwonyesha. Hapa, nyuma kidogo ya utosi. Akasogea kwenye mkeka mpaka magotini pangu, akanyoosha mkono, akaweka kiganja chake mahali pale. Akakiacha. Alikuwa amefumba macho.

Maharagwe yaliungua. Hakuna aliyeinuka.