Benzamidi Ana Watoto Watatu

Shoga, usicheke. Shangazi ameniitia kikao cha familia kwa sababu ya kemikali.

Si unajua kesho nafundisha kemia? Nilikuwa chumbani najizoeza kwa sauti, na ile kemikali ya benzamidi nimeigeuza mtu ili wanafunzi wasisinzie. "Benzamidi ni mweupe. Kwenye maji baridi ni mgumu, kwenye ya moto anayeyuka mwenyewe. Ana watoto watatu maarufu: mmoja anazuia kutapika, mmoja anatuliza mapigo ya moyo, mmoja anatuliza waliochanganyikiwa akili."

Kumbe shangazi, anayeniuliza kila siku nitaolewa lini, kabandika sikio mlangoni.

Saa moja baadaye natoka, sebule imejaa. Baba mdogo kavaa koti kabisa. Shangazi ananiuliza taratibu, "Huyo Ben Zamidi, mama wa watoto wake yuko wapi?"

Mama wa watoto. Shoga, kaniuliza mama wa watoto yuko wapi.

Nikaleta kitabu. Nikawaonyesha kwamba ni chembechembe nyeupe, na hao watoto ni dawa zilizotokana nayo. Baba mdogo akavua koti.

Shangazi akautazama ule ukurasa weee, akashusha pumzi.

"Kwa hiyo hata huyo mwenye watoto watatu hatuna?"