Alama kwenye Mkono wa Ashura

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, vumbi la karasha linalosaga mawe ya dhahabu limeganda kwenye nguo nilizoanika, na mimi nimemchoka kila mtu wa nyumba hii, nikiwemo mimi mwenyewe.

Mdogo wangu Brayani ana miaka miwili na nusu. Anapiga, anatupa vyombo, akinyimwa kitu anajibwaga chini mpaka anakosa pumzi. Bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Kharumwa, akimwona hivyo anambeba na kumtilia sukari kiganjani. Baba akirudi kutoka machimboni Jumamosi anamchapa kwa makosa ya Jumatatu. Mama anashinda kwenye genge lake mbele ya nyumba. Shule tumefunga, kwa hiyo mlezi ni mimi. Mimi na nusu ya daftari langu la Kemia, maana nusu nyingine kaichana.

Leo saa nne Brayani kamfinya Ashura, mtoto wa jirani, ambaye hata kutembea bado. Mama yake akaja mbio amembeba.

"Mama Neema! Mwanao ana vidole au koleo? Hebu ona hapa!"

Ndani ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, palikuwa na alama nyekundu iliyozungushwa. Halafu akasema kilichonimaliza. Baada ya kufinya, Brayani aliweka kidole mdomoni, akamwambia mtoto wa watu, "Shhh."

"Hata maji hajui kuomba, hiyo shhh kaitoa wapi?" akauliza mama Ashura.

Bibi alikuwa na jibu tayari. "Jina limemkataa. Marehemu babu yake anataka aitwe Masanja. Nilisema tangu kazaliwa, nyie mkaona Brayani ndiyo usomi!" Akapanga palepale: Jumamosi baba akifika, mtoto abadilishwe jina, kisha aende naye kijijini akae huko mpaka atulie.

Mpaka lini? Hakuna aliyeuliza. Mama aliitazama ile alama kwa muda mrefu, akamwomba jirani msamaha, akarudi kupanga nyanya zake.

Mimi najua kaitoa wapi.

Ilianza wiki ya kwanza ya likizo, alipochovya daftari langu kwenye uji. Nilimfinya ndani ya mkono, pale shati linapofunika, nikazungusha, nikaweka kidole mdomoni. Hakulia. Alinitazama tu. Ikawa dawa yangu. Tangu hapo nimemfinya mara ngapi? Sijui, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nimesoma kwenye simu, kwa Kiingereza, kwamba akili ya mtoto wa umri huu bado haiwezi kujizuia, na jambo asiloweza kulisema hulifanya kwa mkono, vile alivyoona likifanywa. Nilisoma mara mbili nikitafuta pa kumlaumu bibi na sukari yake, au baba na fimbo yake. Wamo, kweli. Na mimi nimo.

Mchana kutwa bibi kashinda akiita, "Masanja! Masanja!" Mtoto hageuki. Nilipomwita mimi, "Brayani," alikuja. Lakini mkono mmoja kauficha nyuma.

Jamani.

Saa kumi nikamfuata mama gengeni. Mimi ni yule mtu ambaye darasani anajua jibu na hanyooshi kidole. Nikachukua nyanya, nikaanza kuifuta wakati ilikuwa safi.

"Mama, ni mimi. Huwa namfinya Brayani."

Nilingoja kofi. Mama akauliza tu, "Wapi?" Nikamwonyesha kwenye mkono wangu. Akaweka vidole viwili palepale, bila kubana. Hapo nikakumbuka kanisani, mimi mdogo, siwezi kutulia kwenye benchi, na mama ananifinya palepale, kidole mdomoni.

"Asubuhi nilipoiona ile alama niliijua," akasema. "Nikanyamaza."

Akaja mteja wa vitunguu. Alipoondoka, mama akasema Jumamosi tutawaambia baba na bibi pamoja, mimi na yeye. Kuitwa Masanja hilo ni la wazee. Ila kwenda kijijini kwa kosa letu, hapana. Na kesho asubuhi niende mwenyewe kwa mama Ashura. Mwenyewe!

Ningependa kuandika kwamba nimepata nafuu. Sijapata. Sasa hivi, hata jua halijazama, Brayani yuko magotini pangu anaichana nusu ya Kemia iliyobaki, ukurasa kwa ukurasa, huku akinichungulia usoni. Mkono wangu wa kulia umeinuka wenyewe.

Nimeukalia.

Haya namalizia kwenye simu, kwa kidole gumba cha kushoto. Je, nitaweza kuukalia mpaka shule ifunguliwe?